Kipupwe cha Nyanda za Juu na Faragha ya Mwanamke

Mwanamke wa kwetu akitaka kufunga safari sharti awe na sababu, na sababu zinazokubalika zimekwisha kuhesabiwa tangu zama za mabibi zetu: matanga ya jamaa, arusi ya binamu, uzazi wa binti, maradhi ya mzazi, mkutano wa chama, au mzigo wa biashara unaongoja kuchukuliwa. Akiondoka kwa mojawapo ya hizo hufungiwa masurufu ya njiani na kuombewa salama. Lakini akitangaza kwamba anakwenda mahali asipo na jamaa wala shughuli, akalale usingizi, aote moto, asome kitabu, kisha arejee kwake, basi walio karibu naye huanza kupekua: huenda amegombana na mumewe, huenda tabibu amemwambia neno la siri, au huenda yupo mtu anayemngoja huko. Makala haya yanamzungumzia msafiri huyo asiye na hoja ya kutoa zaidi ya uchovu wake, na hasa yule ambaye katika miezi ya Juni na Julai, wakati ambapo watu wa Nairobi wanalalamikia baridi na kuzitamani fukwe za Diani, yeye huifuata baridi hiyo mpaka kwenye makao yake, katika nyanda zinazouzunguka mji wa Nakuru.

Katika nchi za theluji safari ya namna hii haihitaji mtetezi. Tangu karne ya 19 miji ya milima ya Uswisi, kama vile Davos na St. Moritz, imekuwa ikiwapokea watu waliokuja kutafuta siha katika hewa baridi na kavu, kwanza wenye kifua kikuu, kisha wenye fedha na nafasi tu, na hatimaye wale wafungao mbao miguuni wakateleza juu ya theluji. Hata hivyo raha ile nayo ilikuwa na mipaka ya rangi isiyoandikwa popote. Kwa ajili hiyo mwaka 1973 Wamarekani weusi wawili, Ben Finley na Art Clay, walivikusanya vilabu vya weusi wenzao katika mji wa Aspen, Colorado, ili mtu mweusi asiwe kila siku mgeni wa pekee mlimani, na katika mkusanyiko ule ndimo ilimopata asili jumuiya ya National Brotherhood of Skiers ambayo ingali hai hadi leo. Kenya nayo ina sehemu yake katika habari za theluji. Philip Boit wa Eldoret alishiriki mbio za kuteleza juu ya theluji za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akafika wa mwisho, na bingwa wa mbio zenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Na miaka 20 baadaye, katika Olimpiki ya Pyeongchang, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo ya majira ya baridi.

Hao wawili, lakini, iliwalazimu kuifuata theluji ughaibuni. Theluji yetu imekimbilia vileleni mwa Mlima Kenya, nayo inapungua mwaka hata mwaka, wala hakuna mji uliojengwa kando yake kwa ajili ya burudani. Mwenye kutaka baridi ya kupumzikia pasipo pasipoti wala tikiti ya ndege hana budi apande gari, ateremke mtelemko wa Bonde la Ufa, apite Naivasha na Gilgil, kisha aanze kupanda tena.

Baridi hiyo imeletwa na mwinuko. Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, umekaa kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Molo, upande wa magharibi, umefikia takriban mita 2,500. Na mbele ya hapo kituo cha reli cha Timboroa kimejengwa kwenye futi 9,001, yaani mita 2,743, nacho kwa miaka mingi kilitajwa kuwa cha juu kuliko vituo vyote katika dola ya Waingereza. Kwa kuwa hewa hupoteza nyuzijoto sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, aliyetoka Mombasa asubuhi na fulana yake nyepesi atakuwa, afikapo Molo, amepungukiwa na nyuzijoto zipatazo 16, na usiku atakuta kipimo kimeshuka chini ya 10. Ifikapo Julai pepo za kusi, zile zile ambazo pwani huleta kipupwe cha kupendeza, huendelea bara zikiwa zimebeba mawingu. Jua huonekana saa nne za asubuhi kama mtu aliyeitwa kwa lazima, na alasiri mvua huteremka kutoka upande wa Mau. Wenyeji huvaa makabuti, sweta mbili, gambuti miguuni na marvin kichwani, wala hawaoni kwamba hali hiyo yastahili kupigiwa picha.

Zamani nyanda hizi zilisifiwa kuwa mahali pa kutuliza mwili, ila sifa hiyo haikukusudiwa kumfikia kila mtu. Mwaka 1904 Wamasai walihamishwa kutoka malisho ya Naivasha na Nakuru kwa mkataba ambao hawakuwa na nguvu ya kuukataa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mlowezi Lord Delamere alikuwa amekwisha kupewa ekari 100,000 za Njoro. Na kufikia 1939 sheria iliyotoka Uingereza ilikuwa imeweka mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu, ambamo Mwafrika hakuweza kumiliki shamba. Walowezi waliamini kwamba hewa baridi ya huku ndiyo pekee iwezayo kumhifadhi Mzungu katika Afrika, na papo hapo wakaliogopa jua lake, wakatembea chini ya kofia nzito na kwa vitambaa vinene vilivyoshonwa kuukinga uti wa mgongo, maana waliambiwa kwamba miale ya ikweta ingewaharibia mishipa ya fahamu. Ni vigumu kusoma habari hizo leo bila ya kucheka kidogo, ingawa shamba lililochukuliwa si jambo la kuchekesha.

Mwanamke mweusi alikuwamo katika mandhari hiyo, lakini alikuwamo ameinama. Katika miteremko ya Molo na Mau lilipandwa pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano ambalo sumu yake huua wadudu na kumwacha mtu salama, na ambalo lisipopata baridi ya kutosha halitoi macho ya maua kwa wingi. Na vita vikuu vya pili vilipoiondoa Japani sokoni, Kenya ikawa mzalishaji wa kwanza wa pareto duniani. Maua hayo hayakuwa na mashine ya kuyavuna. Yalichumwa kwa vidole, moja moja, kila baada ya wiki mbili au tatu, na wachumaji walikuwa aghalabu wanawake na watoto wa maskwota, yaani vibarua walioruhusiwa kuishi shambani kwa sharti la kulifanyia kazi, ambao walitoka alfajiri umande ungali baridi kama barafu, wakajaza vikapu, wakapimiwa, wakalipwa kwa uzito. Baridi ambayo mgeni wa hoteli huifurahia kutoka dirishani ndiyo ile ile iliyowapasua vidole.

Mjukuu wa mchumaji huyo leo ni muuguzi, mwalimu, karani wa benki au wakili katika Nairobi. Na akichukua ujira wake mwenyewe akakodi chumba Molo, akalala mpaka saa tatu huku ukungu ukipita juu ya mashamba ya viazi, mimi sioni kwamba amefanya jambo dogo, wala sioni kwamba ni anasa ya kuiga Wazungu, kama nilivyowahi kumsikia mzee mmoja akisema. Atakuwa amelala katika nchi ambayo bibi yake hakupata kulala humo isipokuwa kwa usiku mfupi wa kungojea kazi ya kesho. Nchi yenyewe, tukubali, haina historia nyepesi hata baada ya uhuru: Molo iliungua katika machafuko ya 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, na mgeni mwenye adabu hawachokozi wenyeji kwa maswali ya siku zile mpaka wao wenyewe waanze.

Kwa msafiri wa kike aliye peke yake kuna nyumba moja ambayo asiipite. Katika Njoro, kilomita chache kutoka Nakuru, limesimama kasri la mawe ambalo Maurice Egerton, Baroni wa nne wa Tatton, alianza kulijenga mwaka 1938, kazi ikakatizwa na vita, ikamalizika mwaka 1954. Lina vyumba 52 na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba, na bwana huyo alikaa humo bila mke mpaka alipofariki mwaka 1958, pasipo mtoto wa kumrithi cheo. Wenyeji husimulia kwamba alimpenda bibi mmoja wa Ulaya, akamjengea nyumba, bibi akaitazama akaifananisha na banda la kuku. Kwamba ndipo akaanza kasri, na bibi hakurudi. Na kwamba tangu hapo alipiga marufuku wanawake kukanyaga ardhi yake. Hadithi za namna hii hunenepa kila zinaposimuliwa, na kiasi cha ukweli wake atajua marehemu, lakini chuki yake kwa wanawake ni habari mashuhuri kote Njoro. Shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 imekuwa Chuo Kikuu cha Egerton, kinachofundisha mabinti kwa maelfu, na kasri limekuwa mahali pa kufanyia arusi. Mwanamke aliyelipa kiingilio chake akapanda ngazi zile polepole, akaketi penye bustani akanywa chai, hana haja ya kumsuta marehemu kwa neno.

Tuseme sasa baridi yenyewe inafanya nini, kwa maana ndiyo tabibu wa safari hii. Mwili unapojiandaa kulala hupunguza joto lake la ndani, na chumba chenye ubaridi huurahisishia kazi hiyo. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akigaagaa kitandani katika joto la Mombasa au chini ya mabati ya Kisumu hushangaa kwamba huku usingizi humchukua kabla hajamaliza dua yake. Maji ya moto jioni huongeza hilo, kwa kuwa huivuta damu kuelekea ngozini, joto likapata njia ya kutoka, na baada ya kuoga mwili ukapoa upesi. Hewa ya Molo ina takriban robo tatu tu ya oksijeni ambayo mtu huivuta pwani, hivyo siku ya kwanza mgeni huhema akipanda kilima kidogo na huona kichwa kizito. Na tiba yake ni kwenda taratibu, kunywa maji, na kutojilazimisha, mambo ambayo mwanamke mwenye watoto watatu na mwajiri mmoja hakuyafanya tangu Januari. Usiku wetu, kwa bahati, si ule mrefu wa Ulaya unaowatia watu huzuni. Hapa karibu na ikweta giza ni la saa kumi na mbili, Julai kama Desemba, na alfajiri haikosi miadi.

Fauka ya hayo, baridi humpunguzia mtu uchaguzi. Mvua ikinyesha alasiri hakuna pa kwenda. Kuna meko yenye kuni za mkaratusi, kuna blanketi, kuna chai ya tangawizi ya maziwa mengi, na baadaye kuna nyama ya kondoo, ambayo Molo imesifika kwayo, pamoja na viazi na minji ya shamba la jirani. Kitandani mhudumu ametangulia kuweka chupa ya mpira iliyojaa maji ya moto. Nimepata kuona raha za gharama kubwa kuliko hizo zisizofikia nusu yake.

Kizuizi cha mwanamke anayezitafuta raha hizo peke yake huwa mezani pa mapokezi. Katika hoteli moja, ambayo haina haja ya kutajwa, kijana alinipokea kwa heshima zote, akautua mkoba wangu, akatazama mlangoni, akauliza:

"Karibu sana, mama. Mzee bado anaegesha gari?"

"Ahsante, kijana wangu. Sikuja na mzee."

"Haya. Na wenzako wa semina wanafika saa ngapi?"

"Hakuna semina. Niko peke yangu, nimekuja kupumzika."

Akasema "pole, mama," kwa sauti ya mtu aliyeelewa kwamba nimefiwa, na jioni meza yangu iliandikwa sahani mbili. Hakukuwa na ubaya wowote katika nia yake. Alikuwa amewaona wanawake waliokuja na waume, na waliokuja na mabosi wao, na waliokuja na kadi za mkutano shingoni, na huyu wa sura ya nne hakuwa na kijisanduku chake katika daftari.

Ajabu ni kwamba nchi hii inao mlango mmoja ambao mwanamke huupita peke yake pasipo kuulizwa, nao ni mlango wa ibada. Subukia, kaskazini mwa Nakuru, Wakatoliki wana madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria penye chemchemi mlimani, na wanawake hupanda huko kila mwezi wa mwaka. Menengai, lile shimo la volkano lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 90 linalouangalia mji kutoka kimo cha mita 2,278, lina mapango ambamo watu hufunga na kusali siku nyingi, na tangu 2011 sauti za mitambo inayochimba mvuke wa ardhini zimechanganyika na sauti za dua. Mama akisema anakwenda mlimani kuomba, mume humpa nauli, mama mkwe huchukua watoto, na mwajiri hutikisa kichwa kwa taadhima. Namjua zaidi ya mmoja ambaye aliomba kidogo na kulala sana, na simlaumu. Lakini ingekuwa bora zaidi kama asingelazimika kumshuhudisha Mungu juu ya usingizi wake.

Asiyeipenda sana baridi anaweza kuikata makali kwa maji ya moto ya ardhini, maana bonde hili lina moto chini yake. Kando ya Ziwa Elementaita, ambalo pamoja na Nakuru na Bogoria liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, kuna chemchemi za Kikopey ambamo wenyeji huoga, umbali mfupi tu kutoka mabanda mashuhuri ya nyama choma yaliyo kandokando ya barabara kuu. Olkaria, karibu na Naivasha, kampuni ya KenGen, iliyo na mitambo ya mvuke tangu 1981, ilifungua mwaka 2013 bwawa la kuogea ambalo maji yake hutoka chini ya ardhi pamoja na mvuke, yakapitishwa madimbwini mpaka yakapoa kiasi cha kuvumilika; rangi yake ni samawati yenye weupe wa maziwa kwa ajili ya silika iliyomo. Kuketi humo asubuhi ya Julai, kichwa katika ubaridi na mwili katika joto, ni jambo ambalo Waswisi wangelitangaza duniani kote. Mwenye shinikizo la damu au mja mzito amwulize tabibu wake kwanza.

Hatari zipo, nazo si zile anazoogopeshwa mwanamke na shangazi zake. Iliyo kubwa kuliko zote ni jiko la makaa. Kila msimu wa baridi magazeti yetu huandika habari za watu waliolala na jiko chumbani, madirisha yamefungwa, wasiamke, kwa kuwa makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu; hivyo akikodi kijumba kisicho na meko yenye bomba la moshi, aombe blanketi la tatu, asiombe jiko. Ya pili ni barabara. Kati ya Nakuru na Mau Summit iko Salgaa, ambapo malori yameua wengi kwenye mteremko, na ukungu wa Julai hauwahurumii madereva wa matatu wenye haraka, hivyo asafiri mchana. Katika Hifadhi ya Hell's Gate, ambayo ni miongoni mwa mbuga chache ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, lile korongo jembamba hujaa maji kwa ghafla mvua ikinyesha mbali mlimani, na watu wamekufa humo mwaka 2012 na tena 2019. Askari wa wanyamapori akisema korongo limefungwa, limefungwa. Na Menengai asitembee pembezoni peke yake, bali achukue mwongoza njia langoni, maana faragha haimkatazi mtu kuwa na mwenzake wa saa mbili anayeijua njia.

Kuhusu wakati, kuanzia katikati ya Juni mpaka mwisho wa Julai vyumba ni vingi, na mwenye hoteli husikiliza akiombwa kupunguza bei. Shule hufungwa mwanzoni mwa Agosti, na hapo familia za Nairobi hupanda kwa magari kuja kuwaonyesha watoto moto wa kuni. Atakayechelewa mpaka siku hizo asishangae akiwakuta watoto wa dada yake wamemtangulia mezani.